Bibi Asiyetaka Shikamoo

Siku ya kwanza alinisonya. Au ndivyo nilivyodhani.

Nilikuwa nimemaliza kujieleza kwa Kiswidi changu cha wiki sita, sentensi tatu nilizozikariri njia nzima juu ya baiskeli: naitwa nani, natoka Tanzania, mke wangu anasoma Ultuna, kwenye chuo kikuu cha kilimo. Mwishoni nikamuuliza kama ameishi Uppsala siku nyingi. Mama yule wa miaka sabini na tano alinitazama vizuri tu, akachongoa midomo kama anayetaka kupiga mluzi, akavuta hewa ndani kwa ghafla: shwup! Basi. Hakuongeza neno. Akachukua kikombe chake akanywa kahawa.

Mimi ni mtoto wa Morogoro. Kwetu mtu mzima akikuvutia hewa mdomoni namna ile, ujue umevunja adabu na kinachofuata ni kutafutwa kwa fimbo. Nikaanza kukagua sentensi zangu moja moja. Nimemtukana wapi? Nikarudia swali taratibu, kwa sauti ya kuomba radhi. Shwup! Safari hii na kichwa akatikisa kukubali.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba lile ni neno. Maana yake ni “ndiyo”. Yeye ni mzaliwa wa Västerbotten, kaskazini kabisa, na watu wa huko husema ndiyo kwa kuvuta pumzi. Sehemu nyingine za Uswidi pia utamsikia mtu akisema “ja” huku akivuta hewa, lakini kaskazini neno lenyewe limeshadondoka, umebaki upepo. Kitabu changu cha darasani kilikuwa na kurasa mia mbili na zaidi, na upepo huo hakikuutaja popote.

Tulikutanishwa na karatasi. Mwezi Agosti 2021 tulihamia Uppsala, mji wa chuo ulio kama kilomita 70 kaskazini mwa Stockholm, baada ya mke wangu kupata nafasi ya shahada ya uzamivu kwenye chuo kikuu cha kilimo. Kazi yake yote yeye ni Kiingereza. Mimi nilikuwa nimefundisha Kiswahili sekondari miaka kumi na moja, na ghafla nikawa mwanaume wa kushinda nyumbani, anayejua siku ya zamu yetu kwenye chumba cha kufulia nguo kuliko anavyojua habari za dunia. Nikajiandikisha SFI, yaani Kiswidi kwa wahamiaji, masomo ambayo manispaa huyatoa bure. Mwalimu alikuwa mzuri, sina neno. Tatizo la darasa lolote la lugha ni kwamba unafanya mazoezi na watu ambao nao hawaijui. Mimi na jirani yangu wa kutoka Eritrea tulikuwa tunaelewana vizuri sana, kwa Kiswidi ambacho hakuna Mswidi angekielewa.

Na nje ya darasa Waswidi hawakusubiri. Unaingia dukani umejipanga, unaanza kwa Kiswidi, unakwama kidogo tu kwenye neno la tatu, na muuzaji anakuhamishia Kiingereza papo hapo, kwa tabasamu. Ni huruma, nakubali. Lakini huruma ile inakubakisha mgeni miaka kumi.

Siku hiyo ya Oktoba nilikuwa maktaba ya mji nikikimbia baridi. Kwenye ubao wa matangazo, kati ya piano inayouzwa na paka aliyepotea, kulikuwa na karatasi ya mwandiko wa mkono, herufi zimelala kama za shule za zamani: “Natafuta ndugu anayesema Kiswahili. Mimi nitasema Kiswidi. Kahawa iko.” Chini namba ya simu. Nilisimama pale nikasoma mara nne. Ualimu ni ugonjwa: kabla hata ya kufurahi, mkono wangu ulishaanza kutafuta kalamu nyekundu ya kusahihisha “kahawa iko” iwe “kahawa ipo”.

Masharti aliyaweka yeye, jikoni kwake, Jumatano ya kwanza. Nusu saa Kiswidi, nusu saa Kiswahili, kisha tunarudia. Alikuwa na kisaa cha kuchemshia mayai, cha kuzungusha kwa mkono, chenye umbo la kuku. Kuku akilia tunabadilisha, hata kama mtu yuko katikati ya sentensi, hata kama utamu wa hadithi ndiyo kwanza unaanza. Kiingereza marufuku. Anayeteleza akasema neno la Kiingereza ndiye anaosha vikombe. Mwezi wa kwanza niliosha vikombe kuliko nilivyowahi kuosha maishani. Yeye hakuosha hata kimoja, kwa sababu alipokwama kwenye Kiswahili hakukimbilia Kiingereza, alikimbilia Kihaya.

Maana Kiswahili chake alikipata Bukoba. Alifika mwaka 1972 kama muuguzi kwenye hospitali ya misheni, akaondoka katikati ya 1978, miezi michache kabla ya majeshi ya Amin kuvuka mpaka. Kwake yeye hakuna mkoa unaoitwa Kagera. Anasema “Ziwa Magharibi”, jina la zamani, na nilipomrekebisha alinitazama kama mimi ndiye niliyekosea. Hakufundishwa darasani, alifundishwa na wagonjwa. Matokeo yake ni kwamba Kiswahili chake kilikuwa cha wodini, na cha wodini peke yake. Akinikaribisha kiti: “Kaa, usiogope.” Akitaka nirudie neno: “Fungua mdomo.” Akinisogezea sahani ya maandazi yao ya mdalasini, yale yanayoitwa kanelbullar: “Meza.” Jumatano ya pili alinifungulia mlango, akanishika mkono kwa furaha, akaniuliza kwa sauti safi kabisa iliyosikika ghorofa nzima: “Umepata choo leo?”

Nikamwambia nimepata, nashukuru.

Kazi yake ndiyo iliyonipa neno langu la kwanza gumu. Muuguzi kwa Kiswidi ni sjuksköterska. Liangalie neno hilo. Sauti ile ya mwanzo, sju, haina jamaa katika Kiswahili. Si sh, si kh, si h, iko mahali fulani katikati ya zote tatu, na neno hili limeibeba mara mbili, kwa tahajia mbili tofauti, mara sj na mara sk. Mwalimu wa darasani alikuwa ametuchorea ulimi kwenye ubao. Bibi yangu huyu hakuchora kitu. Alimimina chai ya moto kwenye kikombe, akanisogezea, akasema kwa Kiswahili, “Uji wa moto. Mtoto analia. Puliza.” Nikapuliza. “Sasa puliza na kusema u.” Ikatoka. Haikutoka nzuri, lakini ilitoka, na mpaka leo nikitaka kusema saba kwa Kiswidi lazima kwanza nimwone mtoto analia.

Nimemwita bibi yangu. Hapo ndipo ulipokuwa ugomvi wetu, na niseme ukweli, sehemu kubwa ya Kiswidi changu nilijifunzia kwenye ugomvi huo.

Mimi sikuweza kumwita jina lake. Mtu aliyemzidi mama yangu mzazi kwa umri, nimwite jina kavu, tena nimwambie “du”, wewe, kama ninavyomwambia jirani yangu wa darasani? Mdomo ulikataa. Jumatano ile ya kwanza, kuku alipolia zamu ya Kiswahili ikafika, nikaona nafasi ya kutua mzigo. Nikainamisha kichwa: “Shikamoo, Bibi.”

Akaacha kijiko. “Hapana,” akasema. “Shikamoo maana yake nashika miguu. Miguu yangu ina baridi yabisi. Usishike.” Na bibi pia hataki. “Mimi ni ndugu.”

Ndugu! Nilidhani ni kosa la msamiati. Wala. Kiswahili chake kilikuwa kimesimama pale alipokiacha, na pale alipokiacha kila mtu alikuwa ndugu: daktari ndugu, dereva ndugu, katibu wa chama ndugu, mwenye duka la ujamaa ambaye hana sukari ndugu. Akaniimbia kwa kichwa ahadi ya kwanza ya mwana-TANU, “Binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja,” kwa lafudhi ya Västerbotten na mdundo wa Bukoba. Mimi nimezaliwa TANU imeshakufa zamani. Ahadi ile nilikuwa naijua kwenye vitabu. Sikutegemea kuambiwa jikoni na mzungu.

Kuku akalia, tukahamia Kiswidi, na yeye akanieleza ya upande wake. Alipoanza uuguzi, akiwa binti wa miaka ishirini na kitu, haikuruhusiwa kumwambia daktari “wewe”. Ilikuwa unamsemesha daktari kana kwamba hayupo chumbani: “Har doktorn sovit gott?” Je, daktari amelala vizuri? Unamwambia yeye mwenyewe, anakutazama usoni! Kila mtu alikuwa na cheo chake, na ukikosa kukijua cheo cha mtu unayeongea naye ulikuwa mashakani, kwa sababu kulikuwa na neno “ni”, la wingi, lakini nalo lilisikika kama dharau kwa mtu mwenye cheo. Kisha mwaka 1967 bwana mmoja aitwaye Bror Rexed, aliyekuwa ameshika uongozi wa idara kuu ya tiba ya serikali, alipokutana na wafanyakazi wake akawatangazia kwamba yeye atamwambia kila mtu “du”. Mabadiliko yalikuwa yameshaanza chini kwa chini, lakini jina lake ndilo lililobaki nayo. Katika miaka michache nchi nzima ikageuka. Leo Mswidi anamwambia “du” profesa, askofu na waziri mkuu. Waliobaki ni mfalme na familia yake, na yeye bado huulizwa kama Mfalme angependa kahawa.

Mwaka 1967. Nikamwambia asimame kidogo. Huo ndio mwaka wa Azimio la Arusha. Yaani wakati nchi yetu inajifunza kuitana ndugu, huku kwao walikuwa wanajifunza kuitana wewe, na binti huyu alitoka kwenye kimoja akaingia kwenye kingine kwa ndege moja. Hakuwahi kuishi utu uzima wake katika lugha ya vyeo tena. Ndiyo maana shikamoo yangu ilimkwaruza.

“Na sasa,” akauliza, “mbunge mnamwita nani?”

Nikasita. “Mheshimiwa.”

Akakoroga kahawa yake kwa muda mrefu, na kahawa yenyewe haina sukari. “Kumbe mmerudi nyuma.”

Sikukubali, na mpaka leo sikubali. Nilimwambia shikamoo haina uhusiano na cheo. Waziri akifika kijijini humwamkia mzee mkulima asiye na viatu, na mzee ndiye anayeitikia marahaba. Inafuata umri, na umri kila mtu ataupata akijaliwa. Nilisema hayo kwa Kiswidi, kwa hasira kidogo, na ilipofika mwisho nikagundua nimeongea dakika tatu bila kusimama kutafuta neno. Yeye naye aligundua. Hakujibu hoja. Alisema tu, “Vitenzi vitatu vilikaa vibaya.”

Kuhusu vitenzi: kitenzi cha Kiswidi kina kiti chake, cha pili, na hakikubali kukihama. Ukianza na “leo”, basi kitenzi kinafuata, na nafsi isubiri nyuma yake. Idag cyklar jag, leo naendesha-baiskeli mimi. Kwa Mswahili, ambaye nafsi yake imo ndani ya kitenzi kama mbegu ndani ya embe, huu ni usumbufu usio na maana. Kila nilipokosea aliinua vidole viwili bila kunikatiza. Nami nililipiza kwenye ngeli. Akisema “kitabu yangu” nainua kidole kimoja. Alinyanyua mikono: ngeli zote hizi za nini? Nikamjibu kwamba angalau ngeli zetu zinajitangaza mlangoni, kitabu kimevaa ki- yake kila mtu anaiona. Wao wana mbili tu, en na ett, lakini nomino haisemi iko wapi. Meza ni ett, kiti ni en. Mwanaume ni en, mtoto ni ett. Mtoto yuko na meza, na kiti kiko na binadamu! Kwa nini? Akavuta hewa: shwup. Ndiyo hivyo.

Kisha kuna sauti za kupanda na kushuka, ambazo kwetu hazipo. Anden kwa wimbo mmoja ni yule bata. Kwa wimbo mwingine ni yule roho. Nilisoma kwa sauti mstari wa Utatu Mtakatifu kutoka kitabu chake cha nyimbo, na ilimbidi avue miwani afute machozi. Sikuuliza nimemweka ndege gani mbinguni.

Niendelee na ugomvi. Kwa kuwa jina lake sikuweza kulitamka na Bibi alikataa, nilifanya kile mtu mwenye aibu hufanya: nikaacha kumwita kabisa. Kwa miezi mitatu nilijenga sentensi zisizo na “du” hata moja. “Behövs det hjälp med disken?” Je, msaada wa vyombo unahitajika? “Hur är det med foten?” Mguu una hali gani? Nilijiona fundi. Siku moja ya Januari aliniangalia nikimuuliza kama kahawa zaidi inapatikana, akaanza kucheka mpaka akashika meza. Nilikuwa naongea, alisema, kama karani wa posta wa utotoni kwake. Watu wa zamani, wakiogopa kukosea cheo na wakiogopa “ni”, walikuwa wanafanya hivyo hivyo, wanauzungushia mtu sentensi kama wanavyozungushia shimo. Nimekuja kutoka Morogoro mwaka 2021 na kugundua upya, peke yangu, Kiswidi cha mwaka 1950.

Januari hiyo hiyo nilianguka kwenye barafu mbele ya jengo lake. Kuanguka kwa kistaarabu hakupo. Miguu ilitangulia, mgongo ukafuata. Mtu mmoja aliyekuwa anapita na mbwa akasimama akaniuliza, “Gick det bra?” Ilienda vizuri? Nimelala chali, kofia iko kule, naulizwa kama ilienda vizuri! Nilipanda ngazi nimevimba kwa hasira, nikamweleza. Akanihakikishia kwamba hiyo ndiyo pole yao. Wanauliza ilienda vizuri kwa sababu wanatumaini imeenda vizuri. Lakini kisha akasema kitu kwa Kiswahili bila kungoja kuku: katika maneno yote aliyorudi nayo mwaka 1978, “pole” ndilo alilolikosa zaidi. Unaweza kumpa mtu aliyefiwa, na mtu aliyejikwaa, na mtu anayetoka tu kazini, na huna haja ya kujua ukubwa wa shida yake. Aliwahi kumwambia jirani yake “pole” kwenye lifti, likamtoka lenyewe, na jirani akadhani anamwita mtu aitwaye Pål.

Maneno mapya nilimpa mimi. Alipenda “bodaboda”. “Changamoto” hakulipenda. Nilimweleza kwamba siku hizi tunalitumia pale ambapo zamani tungesema shida, au tatizo. Akafikiri. “Kwa hiyo shida Tanzania zimekwisha?” Kuhusu lagom, neno lao la “kiasi, si kingi si kidogo”, sitasema kitu; kila anayeandika juu ya Uswidi huandika juu ya lagom, na katika jikoni lile sikulisikia zaidi ya mara mbili.

Siku nilipofurahi kuliko zote ni siku ya jamaa. Nilikuja nimezoea Kiingereza, ambacho kina “uncle” mmoja wa kazi zote, nikakuta Waswidi wana akili kama sisi. Kaka wa mama ni morbror: mor mama, bror kaka. Huyo ni mjomba, mzima mzima. Dada wa baba ni faster, shangazi. Kaka wa baba ni farbror, na dada wa mama ni moster, ingawa hawajali kama ni mkubwa au mdogo. Niliandika orodha nikambandikia mke wangu kwenye friji. Lakini tulipofika kwa bibi wakatupita. Kiswidi hakina bibi. Kuna farmor, mama wa baba, na mormor, mama wa mama, na lazima uchague. Akaniuliza basi, nilipomwita Bibi siku ile, nilimaanisha upande upi?

Sikuwahi kuulizwa swali hilo. Bibi ni bibi. Nikajikuta namweleza habari za bibi mzaa mama, aliyenilea chini ya milima ya Uluguru. Sisi Waluguru ukoo unafuata mama, kwa hiyo mormor ndiye shina lenyewe. Nikamwambia alivyokuwa akiniita “mume wangu” mbele za watu, ananitaka nimletee tumbaku, na akigombana na babu anatangaza kwamba anahamia kwangu mimi, mume asiye na kelele. Nilikuwa na miaka saba.

Akapiga meza kwa kiganja. Alijua! Mwezi wake wa kwanza wodini Bukoba, vikongwe walikuwa wakiletewa uji na vijana, na kila kikongwe akiulizwa huyu ni nani anajibu kwa fahari, “Mume wangu.” Yeye, mgeni, kalamu mkononi, alikuwa anajaza fomu. Kuna mgonjwa mmoja wa miaka kama themanini ambaye kwenye sehemu ya mume aliandikiwa mvulana wa miaka kumi na miwili. Daktari aliipitia fomu ile kwa muda mrefu.

Kuku alishalia zamani. Hakuna aliyemsikia.

Yeye hana wajukuu. Alilisema hilo baadaye, akiwa anafunga mlango, kwa Kiswidi, kama mtu anayesema kesho kutakuwa na mvua.

Saa nazo zilitutesa, lakini nitasema kwa kifupi. Halv tre si saa tisa na nusu. Ni nusu ya kuelekea saa ya tatu yao, yaani saa nane na nusu yetu. Nilichelewa saa nzima na kukuta maandazi yamefunikwa taulo na yeye amekaa wima kama anayesubiri matokeo ya daktari. Tangu siku hiyo alinitumia ujumbe wa saa kwa Kiswahili, na hatukupishana tena.

Kilomita ndizo zilinikamata kikweli. Septemba 2022 alinialika kwenye kijumba chake cha msituni. “Tre mil,” akasema kwenye simu. Maili tatu, nikasema moyoni, kitu gani hiki, nitakwenda kwa baiskeli. Baada ya saa nzima ya kukanyaga pedali kati ya mashamba yaliyovunwa nilimpigia. Nimepita wapi? Hujapita popote, akasema, endelea. Mil ya Kiswidi ni kilomita kumi. Nilifika nimelowa jasho, miguu inatetemeka, na yeye yuko mlangoni na ndoo mbili za plastiki. “Pole,” akasema. Kisha kwa sauti ya wodini: “Kunywa maji. Yote.”

Tulikwenda kuchuma lingon, matunda madogo mekundu, machachu, yanayoota chini kwenye moss, mimea laini inayofunika ardhi kama zulia. Msitu haukuwa wake, na haikuhitajika uwe wake. Sheria na mila za huko zinamruhusu yeyote kuingia msitu wa mtu na kuchuma matunda na uyoga, mradi asiharibu na asisogelee nyumba ya watu. Alinilazimisha kuchomeka suruali ndani ya soksi kwa ajili ya kupe. Akanipa kifaa chenye meno kama kitana, unakivuta kwenye vichaka na matunda yanabaki ndani. Ni kazi inayokuinamisha. Unafuata wekundu, kichaka hiki, kile, kingine, ndoo inazidi uzito, na hutazami juu.

Nilipotazama juu hakuwepo.

Misonobari pande zote, imesimama sawasawa kama wanafunzi mstarini. Hakuna njia. Nilitega sikio: kigogota mbali, basi. Simu ilikuwa kwenye begi la baiskeli. Nikafikiria miguu yake, mawe yenye utelezi, miaka sabini na sita. Nikavuta pumzi nipige kelele, na pale pale nikakwama, mdomo wazi, kwa sababu sentensi za “je, msaada unahitajika” haziitiki msituni. Mtu akipotea anaitwa. Lazima umwite kitu.

Nikalipiga jina lake. Jina kavu, silabi mbili, kwa wimbo wake sahihi wa kupanda na kushuka, kwa sauti niliyokuwa nayo yote.

Kimya kidogo. Kisha, kutoka nyuma ya jabali kubwa upande wa kushoto, sauti nyembamba:

“Abee! Niko huku, mume wangu. Lete ndoo.”